Nani Kafunga Maji? Ubishi wa Mwaloni Masese

Watu wakibishana kuhusu habari za kisayansi, kila mmoja hukimbilia kulinda jibu lake. Mimi siku hizi nasikiliza swali kwanza. Nimeona mara nyingi mno mtu mwenye jibu la ovyo kabisa akiwa ameshika swali zito, swali ambalo wenye vyeti walitakiwa kulijibu zamani. Nimeona pia anavyochekwa, anavyonyamazishwa, na swali lake linavyotupwa pamoja na jibu lake. Hasara hiyo inaniuma.

Ninafanya kazi ya ukarani wa mizani Masese, mwalo wa samaki wa Ziwa Victoria, pembeni mwa mji wa Jinja, Uganda. Hapa wamo Wasoga na Waganda, Wasamia wa pande zote mbili za mpaka, Wajaluo kutoka Kenya, Wakerewe na Wakara kutoka Tanzania, na wachuuzi wanaopeleka samaki wa chumvi hadi Kongo. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Uganda Julai 2022, lakini mwaloni kilikuwa kikifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Kwa Kiswahili tunapatana bei ya sangara, kwa Kiswahili tunagombana injini isipowaka. Mitumbwi ikishapakuliwa, nyavu zikishatandazwa na dagaa wakishaanikwa, kazi inapungua mpaka jioni. Hapo redio inawashwa, simu zinatolewa mfukoni, na habari ya siku inawekwa katikati.

Ubishi mkali kuliko wote niliowahi kuusikia ni wa mwaka 2020, ziwa lilipopanda. Lilianza mwishoni mwa 2019, taratibu, na watu hawakujali. Kufikia Aprili maji yalikuwa yamemeza vichanja vya dagaa, yameingia kwenye vibanda vya chai, yamefika vyooni, na familia zilizojenga karibu na ufuo zilikuwa zimehamia kwa ndugu. Wakati huohuo nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Magari ya abiria yalisimamishwa mwishoni mwa Machi, wanunuzi hawakufika, samaki akakosa bei. Wanaume wazima walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa wakitazama maji yanavyosogea, na kila mwenye simu alikuwa na maelezo yake.

Maelezo yaliyoshika kuliko yote ni kwamba Uganda imefunga maji. Wavuvi wa Kenya walipokea sauti za WhatsApp kutoka Budalangi, ambako nyumba zilikuwa ndani ya maji, zikisema milango ya bwawa la Jinja imefungwa makusudi. Wengine wakaongeza kwamba serikali inataka kuwaondoa wavuvi ufuoni bila kuwalipa chochote. Kijana mmoja wa injini alisema maji yanawekwa akiba ili Misri iyanunue.

Upande wa pili alikuwapo mwalimu wa sekondari. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alishinda mwaloni akimsaidia shemeji yake dukani. Jibu lake lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza: ni mvua. Mvua za Oktoba hadi Desemba 2019 zilipita kiasi karibu Afrika Mashariki nzima, kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukiwa wa baridi. Hali hiyo hutokea kila baada ya miaka kadhaa, ila ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa zile kali zaidi zilizowahi kupimwa. Zikafuata mvua za masika ya 2020 juu ya ardhi iliyokwisha kulowa. Mwalimu aliyajua hayo vizuri, lakini aliyasema kwa kucheka. "Kwani ninyi hamkusoma jiografia?" Alipokwisha kucheka, hakuna aliyemsikiliza tena.

Aliyemjibu ni mzee mmoja mwenye mitumbwi, mtu wa maneno machache. Alisema, "Mwalimu, mwaka 2005 ziwa lilikimbia. Mitumbwi yangu ililala kwenye matope, tukawa tunaisukuma mbali ndipo tuyapate maji. Tukaambiwa ni jua. Baadaye tukasikia kumbe bwawa nalo lilikuwa na mkono wake. Leo maji yamepanda, unaniambia ni mvua. Nikuamini kwa lipi?"

Mwalimu hakupata la kumjibu, maana mzee alikuwa anasema kweli.

Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapa Jinja. Zamani mlango huo ulishikwa na mwamba wa maporomoko ya Ripon. Ziwa likijaa, maji mengi yaliruka mwamba. Likipungua, yaliruka machache, wala hakuna mtu aliyekuwa na amri juu yake. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, mwamba ukazama na amri ikahamia kwa binadamu. Kwa makubaliano ya Uingereza na Misri, bwawa lilitakiwa kutoa maji yaleyale ambayo mwamba ungeyaachia kwa kimo kile cha ziwa. Miaka zaidi ya arobaini baadaye kikajengwa kituo cha pili cha umeme, Kiira, pembeni ya kile cha kwanza. Mwaka 2004 na 2005 ukame ulikuja wakati nchi inalilia umeme, na maji yaliyotolewa yakapita yale ya makubaliano. Mtaalamu wa maji Daniel Kull alikokotoa mwaka 2006 kwamba zaidi ya nusu ya kushuka kwa ziwa katika miaka hiyo miwili kulitokana na mabwawa, na sehemu iliyobaki ni ukame. Ziwa lilifika chini kuliko lilivyokuwa kwa takriban miaka 80.

Mtu aliyeyaona hayo kwa mitumbwi yake, ukimwambia mwaka 2020 kwamba bwawa halihusiki, ana haki ya kudai uthibitisho. Kudai uthibitisho ndiyo sayansi yenyewe. Mwalimu alikuwa amebeba jibu la sayansi, mzee alikuwa amebeba desturi ya sayansi, na wote wawili walikuwa wanagombana.

Tukakaa kwenye meza yangu ya mizani na simu yenye kikokotoo. Hesabu tuliyoifanya naiweka hapa nzima, kila mtu airudie mwenyewe.

Uso wa ziwa ni takriban kilomita za mraba 68,800. Tuseme Mto Nile, unaotoka kwenye mlango huo wa Jinja, unachukua mita za ujazo 1,000 kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, basi kwa siku yanatoka maji mita za ujazo milioni 86.4. Ni mengi mno. Ukisimama darajani unaona mto mzima unanguruma. Sasa yatandaze maji hayo juu ya uso wote wa ziwa, kutoka Jinja hadi Mwanza, kutoka Kisumu hadi Bukoba. Unapata unene wa milimita moja na robo. Hiyo ndiyo nguvu ya mlango kwa siku moja: ukiufunga kabisa, usitoke hata tone, ziwa litakuwa juu kwa milimita moja na robo kuliko ambavyo lingekuwa.

Kwa vipimo vya serikali, ziwa lilipanda kutoka mita 12.00 tarehe 1 Oktoba 2019 hadi mita 13.32 tarehe 30 Aprili 2020. Ni sentimita 132 kwa siku 212. Hata kama milango yote ingefungwa siku zote hizo, ingechangia sentimita 27 hivi. Zaidi ya mita nzima inabaki bila mwenyewe, na mwenyewe lazima atafutwe juu ya vichwa vyetu, kwani karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito kama Kagera na Nzoia huleta yaliyobaki. Na milango haikufungwa. Serikali ilitangaza kwamba maji yanayotolewa yameongezwa hadi mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, na ukiyapiga hesabu hayo nayo unapata milimita tatu tu kwa siku. Mvua moja kubwa ya usiku inayarudisha yote.

Mwalimu alitabasamu, akidhani mambo yamekwisha. Mzee akavuta simu kwake. "Sasa tuweke mwaka wangu," akasema. "Tuseme walikuwa wanazidisha mita 500 kila sekunde, kwa miaka miwili." Hiyo 500 aliikisia tu, lakini tukaipiga. Kwa siku inatoka sehemu sita za kumi za milimita, kama unene wa ukucha. Mara siku 730. Jibu likaja: sentimita 46, karibu nusu mita.

Mzee akaitazama ile namba, akampa mwalimu aitazame. "Basi matope yangu ndiyo hayo."

Sijawahi kuona hesabu moja ikiwapa haki watu wawili waliokuwa wakitukanana. Mlango wa Jinja ni mdogo mno kuweza kulifurisha ziwa kwa miezi saba, na ni mkubwa wa kutosha kulishusha kwa miaka miwili ukiachiwa bila kizuizi. Aliyesema ni mvua alikuwa sahihi kwa mwaka 2020. Aliyesema bwawa lichunguzwe alikuwa sahihi kwa miaka yote. Kijana wa injini na Misri yake hakupata kitu, ila alikubali kuiandika hesabu na kumtumia mjomba wake Budalangi.

Kuna jambo jingine lililokuwa likitia fujo, dogo lakini baya. Mei 2020 redio zilitangaza kwamba ziwa limefikia mita 13.42, limepita rekodi ya 13.41 ya mwaka 1964. Wavuvi wengi walisikia mita 13 wakadhani ni kina cha ziwa. Mtu anayeshusha nyavu mahali penye mita 40 akiambiwa ziwa lina mita 13, anajua papo hapo kwamba anayezungumza ni mwongo, na kila kitakachofuata ni uongo pia. Kumbe mita 13.42 ni kimo kwenye kipimo kilichosimikwa Jinja, kinachohesabiwa kuanzia alama iliyochaguliwa na watu. Kina kikubwa cha ziwa ni kama mita 80. Sentensi moja redioni ingeondoa shaka hiyo. Hakuna aliyeitamka, na mimi nalaumu hilo kuliko ninavyomlaumu mvuvi aliyekasirika.

Na rekodi yenyewe ya 1964 ilikuwa na faida kubwa kwenye ubishi, maana mvua za kuanzia 1961 zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili. Wazee wawili walikumbuka kusimuliwa na baba zao kuhusu vijiji vilivyohama. Kwa waliodhani jambo kama hili halijawahi kutokea, simulizi hiyo ilifanya kazi ambayo namba haikuweza.

Upande wa visiwa vinavyoelea, wavuvi ndio waliowatangulia wengine wote. Maji yakipanda, matete na mafunjo ya kandokando hunyanyuka na mizizi yake, udongo wake na ndege wake, yakang'oka na kwenda na upepo. Mwaloni walikuwa wanavitazama visiwa hivyo vikipita na kusema vitafika mitamboni. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa kimoja kiliziba mitambo ya umeme Jinja na nchi nzima ikaingia gizani. Usiku ule zilisambaa habari kwamba umeme umezimwa kwa siri. Wavuvi hawakuziamini hata kidogo. Kisiwa walikuwa wamekiona.

Mwaka 2022 ubishi ulihamia kwenye Ebola. Tarehe 20 Septemba ulitangazwa mlipuko Mubende, Oktoba wilaya za Mubende na Kassanda zikafungwa, na Novemba ugonjwa ukafika Jinja yetu. Mwaloni tuliacha kupeana mikono. Neno lililozunguka lilikuwa fupi: Wakongo wamechanjwa, sisi tumenyimwa.

Mama mmoja muuza chai aliwahi kuishi Beni, Kongo, na alichanjwa kule wakati wa mlipuko wa Kivu wa 2018 hadi 2020, ambapo zaidi ya watu 300,000 walipata chanjo. Alikuwa akikunja mkono wa gauni na kuonyesha bega. "Mimi hapa nimechanjwa. Sindano ipo. Mwili wa Mkongo unachanjwa, wa Mganda una nini?"

Wengi walimjibu kwa ukali. Mfanyakazi mmoja wa afya aliyepita alimwambia aache kueneza uongo, akaendelea na safari yake. Alilokuwa akilijua na hakulieleza ni hili: chanjo iliyotumika Beni, Ervebo, ilitengenezwa dhidi ya virusi vya Ebola vya aina ya Zaire. Virusi vya Mubende vilikuwa vya aina ya Sudan. Aina zote mbili zilijulikana mwaka 1976, ugonjwa wake unafanana kwa macho, lakini kinga ya moja haimlindi mtu na nyingine. Hata ndege nzima ya Ervebo ikitua Entebbe isingemsaidia mgonjwa yeyote wa Mubende. Tulipomweleza hivyo, mama chai alielewa upesi. Mtu aliyeishi katikati ya mlipuko anajua mambo mengi kuliko anavyodhaniwa. Kisha akauliza la pili. "Kama zote zimejulikana tangu 1976, kwa nini moja ina sindano na nyingine haina?"

Hapo ndipo mabishano yalitakiwa kuanza, na hapo ndipo wengi huwa wameshaondoka.

Aina ya Sudan ndiyo iliyoingia Gulu mwaka 2000. Waliugua watu 425, wakafa 224. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyekuwa wa kwanza kutambua hatari, naye aliambukizwa na kufariki Desemba mwaka huo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba ugonjwa huo haukujulikana au haukuua. Lakini aina ya Zaire ilipoingia Afrika Magharibi mwaka 2014, ikaua zaidi ya watu 11,000 na wagonjwa wachache wakaonekana Ulaya na Marekani, fedha zilipatikana, majaribio yakafanyika kwa kasi, na mwaka 2019 chanjo ikapewa kibali. Ya Sudan ilibaki maabara. Dozi za majaribio zilifika Uganda Desemba 2022, wakati mgonjwa wa mwisho ameshatoka hospitali, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kuzijaribu. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, baada ya wagonjwa 142 waliothibitishwa na vifo 55 kati yao.

Naamini kwa dhati kwamba mama chai alikuwa karibu na ukweli kuliko yule aliyemnyamazisha. Hakuna aliyeificha sindano iliyo tayari. Kilichotokea ni kwamba kwa miaka 22 ugonjwa uliotuua sisi haukupewa uzito uliopewa ndugu yake. Na jambo hilo linarekebishika: virusi hivyohivyo viliporudi Kampala na kutangazwa tarehe 30 Januari 2025, majaribio ya chanjo yalianza tarehe 3 Februari, kwa sababu safari hii dozi zilikuwa tayari nchini. Siku nne. Habari hiyo nilimpelekea mama chai mwenyewe kibandani kwake, akaitangaza mwalo mzima kabla ya jua kuzama.

Sitaki mtu adhani kwamba nasema kila mwenye shaka yuko sahihi nusu. Mengine ni uzushi mtupu, na mengine ni macho yanayodanganywa. Barabara ya Masaka, pale Kayabwe, ambapo mstari wa ikweta unakatiza, kuna watu wanaoonyesha maji yakizunguka kwenye beseni lenye tundu. Upande wa kaskazini wa mstari maua yanayoelea kwenye maji hayo yanazunguka huku, upande wa kusini yanazunguka kule, na juu ya mstari yanashuka wima. Nilipita hapo na dereva Mtanzania aliyekuwa akirudi Mutukula, naye alishangaa kwa furaha. Nikamwomba kwa heshima yule mwonyeshaji amwage maji kutoka upande mwingine wa beseni, bila kuhama. Maji yakazunguka kinyume, palepale.

Dereva alinibishia mpaka Masaka. "Nimeona kwa macho yangu" ndilo lililokuwa neno lake, na kweli aliona. Ila naye alikuwa na swali la kuheshimiwa: kama dunia inazunguka, mbona maji yasioneshe? Yanaonesha, lakini kwa subira kubwa. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alijaza pipa pana la kama mita 1.8, akayaacha maji yatulie siku nzima, akatoa kizibo kidogo katikati. Yakazunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, wakafanya vivyo hivyo, yakazunguka kwa upande wa saa. Kwenye beseni lililojazwa sasa hivi, hatua chache tu kutoka ikweta, mkono wa aliyemwaga una nguvu kuliko dunia. Dereva hakusema kwamba nimeshinda, akasema atakwenda kulijaribu pipa nyumbani kwake. Nilifurahi kuliko kama angekubali.

Ninapobishana, nina ombi moja ambalo sikubali kuendelea bila hilo: tukubaliane kwanza ni kitu gani tukikikuta kitaonyesha nani kakosea. Mtu asiyeweza kutaja kitu hicho, iwe profesa au mpiga kasia, simalizi naye jioni yangu. Wachuuzi wetu wa samaki waliokuwa Pakwach tarehe 3 Novemba 2013, siku jua lilipofunikwa na mwezi, husimulia kwamba waliambiwa mapema kabisa siku, mahali na saa. Waliotabiri walijiweka hadharani. Jua lingekosa kufunikwa, watu waliokusanyika pale wangewaona wote. Sauti ya WhatsApp isiyo na tarehe, isiyo na jina, haijiwekei hatari yoyote, na ndiyo maana haikosei kamwe masikioni mwa watu wake.

Lakini nazielewa sauti hizo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikabaki imefungwa hata intaneti iliporudi. Mtu aliyepitia hayo akisikia sauti ya shemeji yake anayemjua, anaishika kuliko tangazo la ofisi asiyoijua. Imani hiyo huwezi kuivunja kwa kumwambia ni mjinga. Unaweza kumpa kitu anachokipima mwenyewe.

Ndiyo maana nimekuwa nikisumbua watu hapa mwaloni na pendekezo moja. Vipimo vya ziwa hili vimeandikwa tangu mwaka 1896, lakini mvuvi anayelala hatua chache kutoka majini hajui ziwa limepanda au limeshuka kiasi gani wiki hii, wala bwawa limetoa maji kiasi gani. Nataka ubao kila mwalo, wenye namba mbili, kimo na maji yaliyotolewa, kwa Kiswahili, Kisoga na Kiganda.

Mzee wa mitumbwi alinisikiliza, akauliza swali ambalo nilijua litatoka kwake: hizo namba za ubaoni ataandika nani? Tumekubaliana tusisubiri. Fundi mbao ameahidi nguzo ya mita tatu, itapakwa rangi kila sentimita, itasimikwa penye miamba ambapo mawimbi hayapigi sana. Itasomwa asubuhi na watu wawili kwa pamoja, na sharti ni kwamba wawili hao wawe hawakubaliani kuhusu bwawa. Zamu ya kwanza ni ya mzee na mwalimu. Kwenye daftari langu la mizani nimewapigia mistari kurasa za nyuma: tarehe, kimo, mvua ya usiku, sahihi mbili.